Viungo vya nyumbani Dodoma: vinakufa kwa kiu au kwa maji?

Kila ifikapo Septemba na Oktoba, malalamiko ni yaleyale kuanzia Ilazo na Kisasa hadi Nkuhungu na Nzuguni. Giligilani imetoa maua kabla haijaliwa. Rozimari imegeuka rangi ya kahawia. Mnanaa umebaki vijiti. Mwenye bustani akiuliza, anapata majibu yanayopingana: mmoja anamwambia Dodoma ni kame, viungo ni mambo ya Lushoto na Morogoro, mwingine anamwambia amwagilie asubuhi, mchana na jioni, wa tatu anasema ni upungufu wa mbolea, wa nne analaumu chumvi ya maji ya kisima. Karibu kila jibu lina kipande cha ukweli ndani yake, lakini anayeanza akiyafuata yote kwa pamoja anaua hata ule mche uliokuwa na nafuu.

Mkanganyiko huu umekua pamoja na mji. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, wamekuja watu wengi kutoka Pwani, Kilimanjaro, Mbeya na Kagera, na kila mtu amekuja na mazoea ya udongo wa kwao. Aliyezoea kuchomeka kijiti kikaota chenyewe hawezi kuelewa mara moja kwa nini hapa kijiti hichohicho kinakauka ndani ya wiki.

Ninavyoona mimi, viungo vingi vya jikoni vinaota Dodoma, na vingine vinaota vizuri kuliko huko tulikotoka. Kinachoviangusha ni kupewa maji kwa kipimo kimoja ilhali kila kimoja kina kiu yake. Ukilielewa hilo, mambo ya udongo, chungu, kivuli na mbolea yanajipanga yenyewe.

Tunazungumzia mimea ipi

Mimea ya viungo ninayoisema hapa ni ile ambayo majani yake, mabichi au makavu, hutiwa kidogo kwenye chakula au chai ili kuleta harufu na ladha: giligilani, mnanaa, mchaichai, mrehani, rozimari, oregano, vitunguu majani. Mchicha na matembele si sehemu yake. Hizo ni mboga, zinaliwa kwa wingi na zinataka eneo kubwa. Karafuu na iliki nazo tuziweke kando, maana zinahitaji unyevu wa Pemba au wa milima ya Usambara. Hizo kweli Dodoma hazitufai.

Tuziweke kando dawa pia. Mwaka 2020, wakati watu walipokuwa wakijifukiza kwa mchaichai, majani ya mwarobaini na mengineyo, mpaka kati ya kiungo na dawa ulififia kabisa, na hadi leo wapo wanaopanda bustani wakiamini wamejenga zahanati. Chai ya mchaichai ni kinywaji kizuri, na mtu mwenye mafua atapata faraja ya joto lake. Lakini malaria inapimwa na kutibiwa hospitali. Hata pakanga, mmea ambao kweli ndimo inamotolewa dawa ya malaria, Shirika la Afya Duniani halipendekezi inywewe kama chai kutibu wala kuzuia ugonjwa huo, kwa sababu kiasi cha dawa kilichomo kwenye majani hubadilikabadilika na mara nyingi hakitoshi kumaliza vimelea. Mshubiri nao una utomvu wa manjano chini ya ganda ambao huendesha tumbo, na mama mjamzito anapaswa kuuepuka. Anayetaka tiba asili aende kwa waganga waliosajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Bustani ya makala hii ni ya jikoni.

Kiu ya kila mmea

Ili kujua mmea unataka maji kiasi gani, uliza asili yake ni wapi. Mnanaa hupenda kingo za vijito na mahali penye unyevu. Usipooteshwa penye majimaji unalia. Giligilani ina mzizi mmoja mrefu na majani laini, nayo hupenda ubaridi. Mrehani ni wa nchi za joto, jua haliuogopeshi, ila ukikaukiwa majani yanalegea haraka. Vitunguu majani vina mizizi ya juujuu, kwa hiyo udongo wa juu ukikauka navyo vimekauka. Hao wote ni wanywaji.

Rozimari na oregano wametoka kwenye vilima vya mawe kandokando ya bahari ya Mediterania, ambako kiangazi hupita miezi bila mvua. Majani ya rozimari ni membamba na magumu, yamejikunja kingo zake ili yasipoteze maji. Mmea wa namna hiyo ukiumwagilia kila siku unaugua. Mshubiri uko kundi hilihili. Katikati anakaa mchaichai: mwezi wa kwanza baada ya kupandwa unataka maji mara kwa mara, ukishashika mizizi unavumilia.

Hapa ndipo wengi wanapokosea bila kujua. Wananunua miche mitano kwenye kitalu cha barabarani, wanaipanga kwenye kituta kimoja au beseni moja kwa sababu inapendeza ikiwa pamoja, kisha wanamwagilia yote sawasawa. Maji yakitosha mnanaa, rozimari inaoza mizizi. Yakitosha rozimari, mnanaa unakauka. Hakuna kipimo cha katikati kitakachowaridhisha wote wawili. Wanywaji wawe na chombo chao, wasiopenda maji wawe na chao, basi.

Dodoma inachukua maji kiasi gani

Mkoa huu hupata mvua ya wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki hewa ni kavu na upepo unavuma. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita 1, na katika kiangazi chetu mita hiyo moja ya udongo uliolimwa inaweza kupoteza lita 5 hivi kwa siku kwenda hewani na kwenye majani. Kwa hiyo kituta cha upana wa mita 1 na urefu wa mita 2 kilichojaa wanywaji kinahitaji karibu nusu ya ndoo kubwa kila siku mwezi wa Oktoba. Si kingi, lakini kwa nyumba inayopata maji ya bomba kwa zamu lazima kipangiwe mapema. Anzisha bustani ndogo kuliko unavyotamani.

Matandazo hupunguza upotevu huo kuliko kitu kingine chochote unachoweza kufanya bila gharama. Nyasi kavu au pumba za mpunga zinafaa, na sisi wa Kanda ya Kati tuna maganda ya karanga kutoka Kongwa na Mpwapwa ambayo hutupwa tu. Tandaza unene wa vidole vitatu, ukiacha nafasi kuzunguka shina. Mchwa watakuja, na ndiyo sababu ya kuacha hiyo nafasi: wakila maganda si neno, wakipanda shinani ni hasara. Rozimari usiitandazie manyasi mazito. Changarawe kidogo inaitosha.

Maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa kabisa. Maji ya kufulia yenye sabuni ya unga usiyatie kwenye viungo, maana sabuni hizo zina chumvi ya sodiamu inayoharibu udongo, na majani haya tunayala mabichi. Mvua ikinyesha, paa la mita za mraba 50 linaweza kukusanya hadi lita 1,000 kwa mvua ya milimita 20. Mwenye mfereji wa bati na pipa tayari amepata maji bora zaidi ya bustani kuliko yale ya kisima.

Nasema bora kwa sababu ya chumvi. Visima vingi vya maeneo yetu vina maji magumu, na utaiona chumvi hiyo kama ukoko mweupe ukingoni mwa chungu. Maji yanageuka mvuke, chumvi inabaki. Anayemwagilia kikombe kimoja kila siku huku maji hayafiki chini kabisa anairundika chumvi hiyo kwenye mizizi wiki baada ya wiki, mpaka ncha za majani zinaungua. Kwa hiyo mwagilia kwa kushibisha hadi maji yatoke chini ya chombo, kisha subiri. Na kila baada ya wiki chache mimina maji mengi kwa mpigo yapite yote na kusukuma chumvi nje.

Kusubiri mpaka lini? Ingiza kidole kwenye udongo hadi pingili ya pili. Kwa wanywaji, kidole kikitoka kikavu, mwagilia. Kwa rozimari na wenzake, kidole kikitoka kikavu, subiri siku mbili tatu zaidi. Usitazame udongo wa juu. Dodoma udongo wa juu hukauka kabla ya saa nne asubuhi hata kama chini kuna tope.

Usitazame kunyauka peke yake pia. Mmea uliozidiwa maji unanyauka vilevile kama ulio na kiu, kwa sababu mizizi iliyokosa hewa huoza na haiwezi tena kunyonya maji yaliyoizunguka. Mwenye bustani anaona majani yamelegea, anaongeza maji, na anaumaliza. Kinachosaidia kutofautisha ni saa. Mmea ulionyauka saa nane mchana na kusimama tena jioni hauna tatizo. Unajikinga na jua. Ulionyauka alfajiri, kabla jua halijauchoma, una shida ya kweli, na hapo ndipo kidole kinaamua: udongo mkavu, mpe maji, udongo ulioloa, acha maji na uangalie matundu ya chombo.

Chombo na udongo

Ndoo iliyopasuka, dumu la lita 20 lililokatwa, beseni kuukuu, kiroba, vyote vinafaa, isipokuwa chombo kilichowahi kuwa na dawa ya wadudu au kemikali. Kina cha sentimita 20 kinatosha giligilani na mnanaa. Mchaichai na rozimari wanataka zaidi. Toboa matundu chini, matano au sita, makubwa kama ncha ya kidole kidogo.

Karibu kila anayefundisha upandaji kwenye vyungu anasema uweke kokoto chini ili maji yapite. Haifanyi kazi hivyo. Chovya sponji la kuoshea vyombo kwenye maji, kisha liweke juu ya wavu: linadondosha kidogo halafu linaacha, ingawa bado limejaa maji, na chini yake pako wazi. Udongo juu ya kokoto hufanya vivyo hivyo. Maji hayashuki kwenye kokoto mpaka udongo uliopo juu yake ushibe kabisa, kwa hiyo ule ukanda wenye tope, ambao ungekaa chini kabisa ya ndoo, umeupandisha juu karibu na mizizi. Jaza udongo uleule mpaka chini, na weka kipande cha wavu au kigae juu ya tundu kuzuia udongo usitoke.

Udongo wetu mwekundu wa kichanga hupitisha maji vizuri lakini hauyashiki, na ukipigwa na mvua halafu jua hufunga uso kama sakafu. Wanywaji wachanganyie sehemu mbili za udongo kwa sehemu moja ya samadi iliyooza. Samadi si shida katika mkoa wa wafugaji, shida ni haraka: ile mbichi ina joto na chumvi, inaunguza mizizi. Iliyoiva ni nyeusi, inameguka mkononi na hainuki kinyesi. Kwa rozimari na oregano, changanya udongo na mchanga wa korongoni nusu kwa nusu, na samadi konzi moja tu. Hawa hawapungukiwi na mbolea. Ukiwalisha sana wanarefuka, wanapendeza machoni, na harufu inapungua, maana harufu ni mafuta yaliyomo kwenye majani na mmea unaokimbilia kurefuka hauyatengenezi kwa wingi.

Jua, ukuta na upepo

Viungo vingi vinataka jua la saa sita hivi kwa siku. Hapa jua si haba. Kazi ni kuchagua lipi. La asubuhi linalisha, la saa nane hadi saa kumi linachoma, hasa likipiga ukuta wa tofali unaoendelea kutoa joto hadi usiku. Kwa hiyo upande wa magharibi wa nyumba waachie rozimari na mshubiri, na wanywaji wakae mashariki.

Kuna jambo moja ambalo wengi hatulitumii. Dodoma iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na kwa sababu hiyo kuanzia mapema Machi hadi mapema Oktoba jua la mchana hupita upande wa kaskazini. Mwezi Juni, jua likiwa juu kabisa, ukuta wa uzio wenye urefu wa mita 2 hutupa kivuli cha takriban mita 1 upande wake wa kusini. Ukanda huo ni mahali pazuri pa mnanaa wakati wa kiangazi, nao hupatikana karibu kila kiwanja chenye uzio. Unapofika Oktoba jua linakaa utosini na ukuta hausaidii tena. Hapo tumia neti ya kivuli, kichanja cha matete, au sogeza chombo chini ya mti.

Upepo ni mgongano wa kweli. Wakati wa kiangazi huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini mashariki, yaani palepale tunapotaka jua la asubuhi. Upepo mkavu unakausha jani haraka kuliko mzizi unavyoweza kulipelekea maji. Uzio wa matete unaopitisha upepo kidogo ni bora kuliko ukuta mzima, kwa sababu ukuta hurusha upepo juu kisha unaanguka kwa kishindo upande wa pili. Uzio huohuo utakusaidia na mbuzi na kuku, ambao naamini wameharibu bustani nyingi Dodoma kuliko ukame.

Anza na mimea mitatu

Mchaichai kwanza, kwa kuwa ndio unaosamehe. Nunua sokoni Majengo au Sabasaba mabua yaliyo na kitako chake, simamisha kwenye glasi ya maji yenye kina cha vidole viwili, badilisha maji kila baada ya siku mbili. Mizizi ikifikia urefu wa kidole, panda. Ukikua unakata majani tu, kisiki kinachipua tena kwa miaka, na shada likibanana unaligawa.

Mnanaa wa pili. Kata shina lenye pingili nne au tano, ondoa majani ya chini, tumbukiza kwenye maji. Ndani ya wiki moja au mbili unaona mizizi. Uupe chombo chake peke yake, maana unatambaa chini kwa chini na kumeza majirani. Hewa ikikauka sana utaona majani yana vidoa vidogo vya manjano na utando mwembamba kwa chini: ni utitiri mwekundu, anayependa vumbi na ukavu. Osha chini ya majani kwa maji ya nguvu kila baada ya siku chache.

Giligilani ya tatu, nayo ndiyo inayowakatisha tamaa wengi. Huhitaji pakiti ya dukani. Mbegu nzima za jikoni, kama hazijakaangwa, huota. Kila punje ya mviringo ina mbegu mbili ndani, hivyo isugue taratibu chini ya chupa igawanyike nusu bila kupondeka, loweka usiku kucha, kisha sia palepale itakapokulia. Usiipandikize. Mzizi wake mrefu ukiguswa, mmea unahisi umefika mwisho na kukimbilia maua. Joto hufanya kazi hiyohiyo, na ndiyo maana iliyosiwa Septemba inatoa maua mapema hata ikimwagiliwa vipi. Msimu wake hapa ni kuanzia Mei hadi Julai, usiku unapokuwa na baridi. Sia kidogo kila baada ya wiki mbili au tatu, kwa sababu kila mche unavunwa kwa muda mfupi tu, kisha mwingine uwe tayari.

Rozimari ije baadaye, kwa kipandikizi cha ncha laini chenye sentimita 10 hivi, kwenye mchanga wenye unyevu kidogo na kivuli. Inachukua mwezi mmoja hadi miwili kutoa mizizi. Usiinunue kama mbegu, nyingi hazioti.

Yanayosemwa mitaani

Kwamba kumwagilia mchana kunaunguza majani kwa sababu tone la maji linakuwa kioo: kwa majani ya kawaida ya viungo si kweli. Ubaya wa mchana ni kwamba maji mengi yanageuka mvuke kabla ya kufika chini, na mpira uliolala juani una maji ya moto ndani yake; hayo kweli yanaunguza. Yaache yatoke kwanza.

Kwamba mchaichai na mrehani vikipandwa mlangoni vinafukuza mbu: mafuta yanayowakera mbu yamefungwa ndani ya jani, hayatoki mpaka jani lisuguliwe au lichomwe. Kivumbasi kinachochomwa jioni ni jambo lingine. Kilichosimama kwenye chungu hakiondoi haja ya chandarua. Na kwamba mchaichai unafukuza nyoka? Shada nene la mchaichai lisilosafishwa ni maficho kama kichaka kingine chochote. Punguza majani makavu, usilisogeze mlangoni kwa imani hiyo, hasa kama una watoto.

Kwamba ukikata unaumiza mmea: mrehani na mnanaa visipokatwa vinarefuka shina moja, vinatoa maua na kuzeeka. Kata ncha juu kidogo ya pingili, machipukizi mawili yatatokea pale. Usizidi theluthi moja ya mmea kwa mara moja.

Ukavu wetu ni mali

Kukausha majani kunahitaji hewa kavu inayotembea, na kuanzia Mei hadi Oktoba hiyo ndiyo tuliyonayo. Kina mama wa Kigogo wamekausha mboga zao kwa ajili ya kiangazi tangu zamani. Kwa viungo, tofauti ni kivuli: jua kali linafukuza rangi na mafuta ya harufu. Funga vifurushi vidogo, ning'iniza ndani au barazani mbali na vumbi, na jani likivunjika kwa kidole badala ya kukunjika, weka kwenye chupa kavu yenye kifuniko. Mchaichai, rozimari, oregano na mnanaa hubaki na harufu kwa miezi. Giligilani ikikaushwa inabaki kama nyasi. Itumie mbichi, na mimea michache uiache ikomaze mbegu, ambazo ni kiungo cha jikoni na pia mbegu ya Mei ijayo.

Limebaki suala la masika yetu. Kwao rozimari, mvua hunyesha wakati wa baridi. Kwetu inakuja pamoja na joto, na joto likikutana na udongo uliolowa kwa wiki nzima, ukungu unashambulia mizizi. Ndiyo maana rozimari iliyovumilia Oktoba nzima inakufa Januari, na mwenyewe anashangaa kwa nini imekufa wakati kila kitu kingine kinastawi. Mwishoni mwa Novemba isogeze chini ya upenu mahali ambapo mvua haiigongi moja kwa moja, na kata vipandikizi viwili vitatu uvioteshe pembeni kama akiba.